Jinsi ya kuzuia slabu isivuje: kuanzia chokaa na surkhi ya Wahindi mpaka membreni za siku hizi

Slabu, yaani paa bapa la zege, ikianza kuvuja kitu cha kwanza watu wanafanya ni kwenda dukani kununua ndoo ya dawa ya kuzuia maji, fundi anapaka pale juu ya doa, hela imeenda, alafu masika yakirudi doa limehamia chumba cha pili na rangi ya dari inabanduka upya. Dawa mara nyingi haina kosa. Slabu nyingi zinazovuja hazina mteremko wa kueleweka na kona zake hazijashughulikiwa, na maji yakishapata pa kutulia yatatafuta njia tu, leo au mwakani. Kwahiyo hapa nimepanga hivi, mteremko na kona kwanza, dawa baadaye, na ukifuata huo mpangilio utashangaa hata dawa ya bei ya kati inafanya kazi nzuri.

Naanzia India kwa sababu wenzetu kule wameishi chini ya paa bapa miaka mingi sana na mvua yao sio ya mchezo. Mumbai inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na karibu zote zinashuka kati ya Juni na Septemba, na tarehe 26 Julai 2005 kituo cha Santacruz kilipima milimita 944 ndani ya saa 24, yaani karibu mita nzima ya maji juu ya kila paa kwa siku moja. Watu wa hali hiyo wana la kutufundisha. Alafu sisi wa pwani tuna undugu na hiyo kazi, chokaa tulikuwa tunachoma wenyewe tangu zamani, nenda Kilwa ukaone, na baadaye mafundi na wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat wakaja wakajenga Zanzibar na Mombasa na ujuzi wao ukachanganyika na wa kwetu.

Wazee wao walikuwa wanafanyaje

Kitu cha kwanza ni surkhi. Surkhi ni matofali ya kuchoma yaliyosagwa mpaka yakawa unga mwekundu. Chokaa peke yake kinakauka polepole kwa hewa na hakipendi maji, lakini ukikichanganya na surkhi (kawaida sehemu moja ya chokaa kwa mbili za surkhi) ule udongo uliochomwa unashikana na chokaa kikemikali na mchanganyiko unakomaa hata mahali penye unyevu. Ndio maana matangi, visima vya ngazi na mabwawa ya zamani kule vilijengwa nayo. Walikuwa wanasaga kwenye kinu cha kuzungushwa na ng'ombe, muda mrefu, mpaka mchanganyiko ulainike kabisa.

Paa lenyewe walilifanya hivi. Wanamwaga zege la chokaa lenye vipande vya matofali kama inchi moja moja, unene wa sentimita 10 hivi, kwa mteremko, alafu inaanza kazi ya kupiga. Watu wanakaa kwa mstari, wengi wao wanawake, kila mmoja na kibao chake cha mti, wanapiga lile paa kwa mpigo mmoja siku baada ya siku, kwa kawaida wiki nzima, mpaka kibao kikigonga kinaruka na hakiachi alama. Wakati wa kupiga wananyunyizia maji yenye sukari guru na tunda la bael lililochemshwa, sehemu za kusini wanatumia tunda la kadukkai, wengine wanaweka uwatu. Hivi vitu vinafanya chokaa kiwe laini kufanyia kazi na kisipasuke kinapokauka. Nataka msomaji ashike hapa: nguvu ya hilo paa ilitoka kwenye kupiga. Kupiga kunafunga matundu, na zege lisilo na matundu halipitishi maji kirahisi hata usipopaka kitu. Leo tuna vaibreta (mashine ya kutikisa zege lishikane), lakini ni slabu ngapi zinamwagwa hapa kwetu na kusindiliwa kwa fimbo ya nondo tu? Nyingi sana, na hizo ndio zinavuja.

Kule Punjab, Haryana na Delhi ambako joto ni kali na mvua ni ya msimu wana mud phuska. Wanapaka lami ya moto juu ya slabu, juu yake wanaweka udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na makapi ya ngano, sentimita 10, wanaushindilia kwa mteremko, wanapaka udongo na samadi ya ng'ombe, alafu wanafunika kwa vigae vya tofali. Lami inazuia maji na udongo unazuia joto. Chennai na maeneo yake kuna paa la Madras, mbao za msaji zinabeba matofali yaliyosimamishwa kwa ubavu, juu zege la chokaa, juu kabisa vigae bapa. Na Gujarat, hasa Ahmedabad, wanamalizia paa kwa vipande vya vyombo na marumaru nyeupe vilivyovunjika, jua linarudishwa juu na nyumba inapoa. Hiyo ya mwisho mi naipenda sana na kwa joto la Dar au Mombasa inafaa kabisa, vipande vyenyewe unavipata bure kwenye maduka ya marumaru.

Saruji ilipoingia ikazaliwa brick bat coba, yaani tabaka la vipande vya matofali na saruji juu ya slabu, ambayo mpaka leo ndio paa la Mumbai. Hiyo ntaieleza vizuri kwenye hatua ya tano kwa sababu unaweza kuifanya hapa kwetu na vifaa vyote vipo.

Hatua ya kwanza: jua maji yanaingilia wapi

Panda juu mvua ikiwa imetoka kunyesha, beba chaki, zungushia kila dimbwi. Rudi kesho yake. Dimbwi ambalo bado lina maji ndio tatizo lako namba moja.

Alafu shuka ndani usome madoa. Doa katikati ya chumba mara nyingi ni ufa au sehemu ya zege yenye matundu. Doa linalofuata kona ya ukuta na dari, hapo angalia parapeti, ule ukuta mfupi wa ukingoni mwa paa. Doa chini ya bafu la juu ambalo halikauki hata kiangazi sio la mvua, ni bomba au bafu, funga maji ya nyumba siku moja mbili uone kama linapungua. Na unyevu unaopanda kutoka sakafuni kwenda juu ukutani, ukiishia kama mita moja na unaacha chumvi nyeupe, huo hauhusiani na paa kabisa, unatoka ardhini.

Jambo la kuzingatia sana, maji yakiingia kwenye slabu yanaweza kusafiri mita kadhaa kufuata nondo au bomba la umeme kabla ya kudondoka. Kwahiyo usipake juu ya doa tu ukadhani umemaliza.

Kama zege linadondoka chini na nondo zinaonekana zina kutu, simama, ita injinia. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe na ndio inapasua zege. Kupaka dawa juu ya slabu ya namna hiyo ni kuficha hatari na chini yake kuna watu wanalala.

Hatua ya pili: chagua muda, safisha, ziba nyufa

Mumbai kila mtu anataka kazi ya paa iishe kabla Mei haijaisha kwa sababu Juni mvua inaingia. Kwetu fanya Januari na Februari, au kuanzia Juni mpaka Septemba. Usianze katikati ya vuli ukategemea fundi atafunika na turubai.

Safisha mpaka lionekane zege lenyewe. Toa plasta iliyobanduka (gonga na nyundo, ikilia mlio wa uwazi itoe), toa ukungu wa kijani na mizizi ya miti iliyoota, piga brashi ya waya, osha. Rangi ya zamani na dawa ya zamani inayobanduka yote itoke, sababu dawa mpya itashikana na ile ya zamani na ile ya zamani haijashikana na kitu.

Nyufa sio zote sawa. Uliopo tu na hausogei unaupanua kwa grainda au tindo uwe na umbo la V, upana na kina kama sentimita moja, unafagia vumbi, unalowanisha, unajaza kwa saruji iliyochanganywa na polima (maji meupe ya plastiki yanayoifanya ishike). Ufa unaosogea, yaani upana wake unabadilika kati ya joto la mchana na baridi ya usiku, ukijaza saruji utapasuka tena mwezi huohuo, huo unahitaji silanti ya poliyurethani, dawa ya kuzibia inayovutika kama mpira. Utajuaje? Weka alama ya penseli mwisho wa ufa na uandike tarehe, pima upana asubuhi na mchana, fuatilia wiki chache. Na sehemu zenye matundu ya kokoto usizipake juu juu, chonga mpaka ufikie zege zima ndio ujaze.

Hatua ya tatu: mteremko

Hapa ndipo pesa yako inapookolewa. Kiwango cha chini kabisa ni sentimita 1 kwa kila mita 1, na ukiweza sentimita 1 na robo ni bora zaidi. Hesabu ni rahisi, kama kutoka ukutani mpaka kwenye tundu la kutolea maji ni mita 6 basi ukutani lazima pawe juu kwa sentimita 6 mpaka 7 na nusu. Piga levo kwa mpira wa maji, funga kamba, weka vijinundu vya saruji kila mita 2 kama alama, alafu mwaga skridi (tabaka la saruji na mchanga la kutengeneza mteremko) ukifuata vijinundu. Pale kwenye tundu skridi isipungue sentimita 2 na nusu, ikiwa nyembamba zaidi itapasuka na kubanduka.

Sasa uzito. Skridi ya sentimita 10 ni kama kilo 200 kwa kila mita moja ya mraba, huo ni mzigo mkubwa na slabu yako huenda haikupigiwa hesabu hiyo. Kama paa ni pana ongeza matundu badala ya kuongeza unene, njia ya maji ikifupika na skridi inapungua. Kipimo cha mkononi kinachotumika sana India ni bomba moja la inchi 4 kwa kila mita za mraba 40 za paa, na hata paa likiwa dogo weka mawili, moja likiziba kwa majani au mpira wa mtoto lingine lifanye kazi. Alafu toboa parapeti, weka bomba la dharura juu kidogo ya usawa wa paa, yale mawili yakiziba maji yatoke nje ukutani uyaone kabla hayajajaa.

Hatua ya nne: kona, matundu na mabomba

Katikati ya slabu mara chache ndio panavuja. Panavuja pembeni, kwa sababu ukuta na slabu ni vitu viwili vinavyosogea tofauti jua likiwaka, na pale vinapokutana ndipo panapofunguka.

Wahindi wana vitu viwili hapa vya kuiga bila kubadilisha chochote. Cha kwanza ni gola, ile kona ya pembe mraba kati ya slabu na parapeti unaijaza udongo wa saruji (saruji na mchanga) iwe ya mviringo, sentimita 7 na nusu kwenda juu na 7 na nusu kwenda ndani. Maji hayatulii kwenye kona ya mviringo, na membreni (ngozi ya kuzuia maji inayotandikwa juu ya slabu) haikunjiki kwa ukali ikapasuka. Cha pili ni khurra, shimo la kina kidogo la mraba, sentimita 45 kwa 45, kuzunguka kila tundu la kutolea maji, limeteremshwa pande zote kuelekea tunduni. Bila hilo utaona maji yanazunguka tundu bila kuingia sababu mdomo wa bomba uko juu kuliko sakafu. Nenda kaangalie paa lako, kuna uwezekano mkubwa iko hivyo.

Mabomba yanayopita kwenye slabu, ya tangi, ya kupumulia choo, ya umeme, chonga kuzunguka bomba sentimita 2 au 3 kwenda chini, safisha, jaza grauti (uji wa saruji wa kujazia) isiyosinyaa, alafu silanti juu. Saruji ya kawaida ikikauka inasinyaa na inaacha upenyo kuzunguka bomba la plastiki, hauonekani kwa macho lakini maji yanauona.

Parapeti yenyewe ipige plasta pande zote mbili na juu yake, na ule mgongo wa juu uteremke kuelekea ndani ya paa usichafue ukuta wa nje. Miguu ya antena, stendi za tangi na sola zisitobolewe kwenye slabu baada ya kazi, jenga vitako vya zege mapema. Fundi wa king'amuzi mmoja na drili yake anaweza kuharibu kazi ya milioni kadhaa ndani ya dakika tano, mwambie mapema afunge ukutani.

Hatua ya tano: chagua kinga yako

Brick bat coba. Hii inafaa slabu mpya yenye nguvu, na injinia akiwa amekubali mzigo. Unaanza na uji mzito wa saruji juu ya slabu iliyolowana, kisha udongo wa saruji na mchanga 1:4 wa sentimita 2 uliotiwa dawa ya kuzuia maji. Ukiwa bado mbichi panga vipande vya matofali ya kuchoma vilivyolowekwa maji mpaka vishibe, visimamishe kwa ubavu, acha nafasi ya sentimita 1 na nusu mpaka 2 kati yao, vifuate mteremko. Kesho yake jaza zile nafasi kwa udongo huohuo, pandisha kwenye parapeti kwa mviringo sentimita 30. Juu malizia na safu ya mwisho ya sentimita 2, sugua laini kwa niru (saruji tupu ya kulainishia), na chora mistari ya miraba ya sentimita 30 ili ikisinyaa ipasuke kwenye mistari na sio hovyo. Alafu ifurike maji siku zisizopungua 10. Watu wanaruka hii ya mwisho na ndio inayokomaza saruji.

Ubaya wake nausema wazi. Inabeba kama kilo 200 kwa mita ya mraba, na ikishapasuka matofali yanakunywa maji kama sponji, slabu inaendelea kudondosha wiki nzima baada ya mvua kukata na huwezi kujua ufa uko wapi. Majengo ya zamani Mumbai kuna watu wamemwaga coba juu ya coba bila kutoa ya kwanza, slabu inabeba mizigo miwili mitatu. Usifanye hivyo kamwe. Na tumia matofali ya kuchoma yaliyoiva, tofali la saruji la mashine halifai hapa.

Dawa ya saruji na polima ya vijenzi viwili. Hii ndio ya watu wengi, unga na maji yake meupe, unachanganya kwa mashine ya taratibu, unapaka kwa brashi ngumu. Sika, Mapei na Fosroc wanayo, ya Kihindi inayojulikana sana ni Dr. Fixit. Slabu ilowanishwe lakini isiwe na maji yaliyosimama. Koti ya kwanza, yaani mpako wa kwanza, brashi ivutwe kuelekea upande mmoja, ukiwa bado mbichi tandika wavu wa faiba kwenye kona zote, kwenye nyufa ulizoziba na kuzunguka mabomba, ikikauka koti ya pili ipakwe kwa kukata ile ya kwanza. Usizidishe maji ili ienee, kila mtu anafanya hivyo na kila mtu anaharibu. Pima kwa ndoo, soma kwenye gunia kilo ngapi kwa mita ya mraba, piga hesabu ya paa lako ujue ndoo ngapi lazima ziishe. Fundi akimaliza paa na ndoo nne zimebaki hajaokoa pesa yako, amepaka nyembamba. Nyingi za hizi hazipendi jua la moja kwa moja wala kukanyagwa, zinafunikwa na skridi au marumaru.

Membreni ya lami ya kuchoma kwa gesi. Roli za milimita 3 au 4, chukua 4 kama ni tabaka moja. Paa liwe kavu kabisa, pima hivi, bandika nailoni ya sentimita 45 kwa 45 juu ya slabu kwa gundi tepu pande zote, acha mpaka kesho yake, ukikuta matone kwa chini slabu bado ina maji na membreni itapiga mapovu. Paka praima ya lami (mpako wa chini wa kushikisha), iache ikauke. Anza kutandika sehemu ya chini karibu na tundu ukipanda juu ili kila roli ya juu iifunike ya chini na maji yasiingie kwenye maungio. Ungio la ubavuni sentimita 10, la mwishoni 15. Choma mpaka lami inayeyuka na kutoka kidogo ukingoni, huo mstari mweusi unaotoka ndio ushahidi kwamba imeshika, usipouona inua kwa ncha ya mwiko, ikiinuka choma tena. Kwenye parapeti pandisha sentimita 15 kwa uchache, 30 ni nzuri, na mwisho wake uingizwe kwenye mfereji mdogo uliochongwa ukutani alafu uzibwe, ukiuacha wazi maji yanayoshuka na ukuta yataingia kwa nyuma. Kama haifunikwi na skridi nunua yenye vichanga juu au ya alumini, jua letu linakausha lami haraka. Na moto ni moto, weka mtungi wa kuzimia moto juu ya paa, sogeza nailoni na mbao, fundi avae glavu na viatu.

Poliyurethani ya kimiminika. Inapakwa kwa rola, inakuwa mpira mmoja usio na maungio, ndio nzuri kuliko zote kwa paa lenye mabomba mengi na kona za ajabu, na zipo zinazovumilia jua bila kufunikwa. Praima, koti mbili au tatu, ikikauka iwe kama milimita 1 na nusu mpaka 2. Bei yake iko juu na haisamehi unyevu, kile kipimo cha nailoni hapa ni lazima.

Kama uwezo ni mdogo mi ningefanya hivi: mteremko mzuri, gola na khurra, dawa ya saruji na polima koti mbili na wavu, skridi ya kinga, vipande vyeupe vya marumaru juu. Hiyo ni kazi ya watu wa Ahmedabad na ya kisasa zimekaa pamoja.

Hatua ya sita: jaribu kabla ya kufunika

Ziba matundu yote ya kutolea maji, jaza maji sentimita 5 kwenye sehemu ya chini, acha saa 48. Sentimita 5 za maji ni kilo 50 kwa mita ya mraba, kwahiyo slabu ya zamani muulize injinia kwanza. Weka alama ya usawa wa maji ukutani na weka ndoo ya maji pembeni, jua linakausha vyote viwili, maji ya paa yakishuka zaidi ya yale ya ndoo kuna mahali yanapita. Tembea chini ukiwa na tochi, angalia kona na mabomba. Yakipita saa 48 bila doa ndio unafunika na skridi. Malipo ya mwisho ya fundi yafungwe na hilo jaribio, liandikwe kwenye makubaliano kabla hajaanza kazi.

Bafu, tangi na sehemu za chini

Bafu ni paa dogo linalonyeshewa kila siku. Mpangilio ni uleule, mteremko kuelekea floo trapu (tundu la maji la sakafuni), kona za mviringo, grauti kuzunguka mabomba, dawa koti mbili, ipande ukutani sentimita 30 na upande wa shawa mpaka mita 1.8, jaribu na maji siku mbili, ndio uweke marumaru. Marumaru na grauti yake hazizuii maji, usitegemee hizo.

Tangi la maji ya kunywa usitumie lami, chagua dawa iliyoandikwa wazi kwamba inafaa kwa maji ya kunywa. Zile za fuwele zinafaa sana kwa zege la tangi, zinaingia kwenye vitundu vya zege na kuota fuwele ndani yake. Paka upande wa ndani ambako maji yanasukumia. Hii ni kanuni ya kila mahali, dawa ikae upande maji yanakotokea. Ukipaka upande wa pili maji yanakuja kwa nyuma na kuisukuma ibanduke, ndio maana kupaka rangi ya kuzuia unyevu ndani ya chumba kwenye ukuta unaoloweshwa kutoka nje inadumu miezi michache tu.

Chini ya ardhi, Mumbai na Pune wana njia ya sanduku. Kabla ya kumwaga zege la basement wanatandika mawe bapa ya Shahabad juu ya zege jembamba, maungio yanajazwa udongo wenye dawa, kisha kuta za nje zinavishwa mawe hayohayo na nafasi kati ya jiwe na ukuta inajazwa uji wa saruji, basement nzima inakaa ndani ya sanduku la jiwe. Siku hizi wengi wanatumia membreni badala ya jiwe. Basement ambayo ishajengwa na inavuja huwezi kufukua nje, hapo wanatoboa ukuta na kusukuma poliyurethani inayofura ikikutana na maji, kazi hiyo uwaachie wenye mashine.

Unyevu unaopanda kutoka ardhini unazuiwa siku ya msingi. Nailoni nzito au zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) la sentimita 4 lenye lami juu, kwenye upana wote wa ukuta, sentimita 15 juu ya ardhi. Alafu usije baadaye ukajaza kifusi cha bustani au ukamwaga baraza juu ya huo mstari, maji yatauruka.

Na wenye nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, Mji Mkongwe, Lamu, Mombasa ya zamani, nawaomba sana msipige plasta ya saruji kwenye ukuta wa chokaa. Ukuta wa chokaa unapokea unyevu na kuutoa, saruji inaufungia ndani, chumvi inajaa, jiwe linaanza kumeng'enyuka na boriti zinaoza kwenye ncha zilizoingia ukutani. Plasta ya chokaa, rangi ya chokaa, na mchanganyiko wa chokaa na unga wa matofali sehemu zinazolowa, hiyo surkhi ileile, unaweza kuusaga mwenyewe kutoka matofali ya kuchoma yaliyoiva vizuri na kuuchekecha. Chokaa kibichi kikizimwa kinachemka na kinachoma macho, vaa miwani na weka watoto mbali.

Baada ya hapo kazi yako kila mwaka ni ndogo. Mwisho wa Februari na mwisho wa Septemba panda juu, toa majani kwenye khurra, angalia silanti za mabomba na ukingo wa membreni kwenye parapeti, ziba palipofunguka siku hiyohiyo, na uhakikishe hakuna aliyetoboa kitu.